Mchelea Mwana Kulia: Ni Nani Atakayeshika Sindano?



Tunapozungumza juu ya ndoa tumezoea kutaja mambo yale yale yanayovuruga nyumba: fedha zinazofichwa, wakwe wasiopatana, ulevi, wivu, na kimya cha mume na mke wanaolala kitanda kimoja bila kusemezana. Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la ndoa. Nalo ni ugonjwa wa mtoto. Si ule unaokuja na kwenda kama mafua ya msimu wa mvua, bali ule unaoingia nyumbani na kukaa mwaka baada ya mwaka, kama mgeni asiyeaga.

Tuchukue mfano. Mume na mke wanaishi Tudor, kisiwani Mombasa. Mume ana kazi ya zamu bandarini Kilindini. Mke huamka alfajiri akakaanga mahamri na viazi karai, akawauzia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi. Mtoto wao wa pili ni msichana wa miaka 4. Kwa miezi kadhaa, kila alipoamka goti lake la kulia lilikuwa limevimba na kukakamaa, naye alitembea akichechemea kama bibi kizee. Ikifika adhuhuri alikuwa akikimbia na wenzake. Majirani wakasema anadeka. Akatibiwa malaria, akapimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu unaojulikana sana huku pwani, akaulizwa kama alianguka. Mwishowe daktari akasema: hii ni baridi yabisi ya watoto.

Aliagizwa mambo mawili: sindano moja kila wiki, ambayo mama alifundishwa kuidunga nyumbani, na mazoezi ya kunyosha goti kila asubuhi. Sindano inauma. Mazoezi yanauma. Hapo ndipo ndoa ilipoanza kujaribiwa. Kila Ijumaa jioni, saa ya sindano ikikaribia, baba hukumbuka kwamba kuna mtu anayepaswa kumwona. Hurudi saa mbili usiku akiwa na pakiti ya mabuyu na achari ya embe. Mtoto humkimbilia, macho yakiwa bado mekundu, na kumwambia, "Baba, mama ni mbaya." Baba humkumbatia. Mama yuko jikoni, anaosha sufuria, hasemi neno.

Swali letu la leo ni hili: kati ya wazazi hao wawili, ni nani amemhurumia mtoto? Na je, mzazi ana haki ya kumwumiza mwanawe kwa mikono yake mwenyewe?

Kwanza tuujue ugonjwa

Watu wengi hudhani maumivu ya viungo ni ya wazee. Lakini mwaka 1897 daktari Mwingereza, George Frederic Still, aliandika habari za watoto 22 waliokuwa na ugonjwa wa viungo, akaonyesha kwamba ugonjwa huo kwa watoto una sura yake, tofauti na ule wa watu wazima. Leo madaktari huutambua kwa alama hizi: huanza kabla mtoto hajatimiza miaka 16, kiungo kimoja au zaidi huvimba na kukakamaa kwa muda usiopungua wiki 6, na hakuna sababu nyingine inayoonekana. Kuna mtoto anayeshikwa viungo vichache tu, kama goti na kifundo cha mguu. Kuna anayeshikwa vingi. Na kuna anayepata pia homa kali za kila siku pamoja na upele. Chanzo chake hakijulikani kwa hakika. Kinachojulikana ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda, hugeuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si adhabu.

Hata jina tulilo nalo laweza kutupotosha. "Baridi" na "yabisi" ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni ubaridi na ukavu. Yatokana na utabibu wa zamani wa Wagiriki na Waarabu, uliofundisha kwamba magonjwa huletwa na kuzidiana kwa joto na baridi, ukavu na unyevu mwilini. Elimu hiyo imepita, jina limebaki, na pamoja na jina imebaki lawama. Mavyaa humwuliza mkazamwana: "Ulikuwa ukimwogesha maji baridi? Ulimwacha alale juu ya sakafu? Si nilikwambia juu ya hiyo feni?" Joto lote la Mombasa husahauliwa, na mama ndiye anayekuwa mkosaji. Wengine hunong'ona juu ya kijicho na uchawi. Wanafunzi wa Yesu nao walitafuta mkosaji walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza kama ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake. Naye akawajibu kwamba si yeye wala si wazazi. Basi mume mwenye busara huanzia hapo. Huisimamisha lawama mlangoni, hata kama imeletwa na mamake mzazi.

Kwa nini haina budi kuuma

Goti lililovimba hutaka kukaa limekunjwa, kwa maana likikunjwa huuma kidogo. Mtoto akiachwa aliweke atakavyo, kano na misuli hufupika, paja hukonda, na baada ya muda goti halinyooki tena. Mguu wenye ugonjwa waweza hata kukua tofauti na mwenzake, ukawa mrefu au mfupi zaidi. Mambo haya hayatokei kwa siku moja. Hutokea kwa asubuhi mia moja za "mwache tu leo apumzike".

Na dawa je? Mwaka 1992 madaktari wa Marekani na wa uliokuwa Muungano wa Kisovieti walichapisha utafiti waliofanya pamoja juu ya watoto 127. Ulionyesha kwamba dawa iitwayo methotreksati, ikitolewa kwa kipimo kidogo mara moja kwa wiki, huwasaidia watoto wenye ugonjwa huu. Tangu hapo imekuwa nguzo ya tiba katika nchi nyingi. Hutolewa kwa vidonge au kwa sindano, mara 1 kwa wiki wala si kila siku. Kuizidisha ni hatari kwa maisha. Huweza kumletea mtoto kichefuchefu, na damu yake yahitaji kupimwa mara kwa mara.

Aidha, kuna jambo la macho. Ugonjwa huu waweza kuingia ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu, na mtoto akapoteza nuru yake kimyakimya. Kwa hiyo hata mtoto asiyelalamika hupelekwa kwa daktari wa macho kila baada ya miezi michache.

Tazameni jinsi ugonjwa huu unavyowachanganya wazazi. Jicho linaloharibika haliumi, na goti linalonyoshwa ili lipone ndilo linalouma. Mzazi anayeongozwa na kilio peke yake atapotea njia.

Tabibu na mpishi

Wahenga walisema: Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Wengi wameitumia methali hii kutetea kiboko. Sisi hatuitumii hivyo, na mbele tutaeleza kwa nini. Twaitumia kwa maana hii: kilio cha mtoto huyu hakifutiki kwa kukimbiwa. Kisipoliliwa leo na msichana wa miaka 4 anayedungwa sindano, kitaliliwa kesho na msichana wa miaka 14 asiyeweza kupanda ngazi za shule, na wazazi watalia pamoja naye.

Mwanafalsafa Mgiriki, Plato, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliliona jambo hili. Katika kitabu chake kiitwacho Gorgias alitoa mfano wa tabibu aliyeshtakiwa na mpishi mbele ya mahakama ambayo mahakimu wake ni watoto. Mpishi anawaambia watoto kwamba mtu huyu amewakata, amewanywesha dawa chungu na kuwanyima chakula, ilhali yeye mpishi amewalisha vitu vitamu vya kila aina. Tabibu atajitetea vipi? Akisema kwamba yote aliyatenda kwa ajili ya afya yao, mahakimu wadogo watampigia kelele.

Katika nyumba yetu ya Tudor, mahakama hiyo hukaa kila Ijumaa. Hakimu ni mmoja, naye ana miaka 4. Mpishi amefika na mabuyu. Tabibu anaosha sufuria. Hukumu twaijua.

Lakini iko tofauti moja kubwa. Tabibu na mpishi wa Plato walikuwa wapinzani. Hapa ni mume na mke, na mmoja ameahidi mbele ya watu kuwa msaada wa mwenzake. Kila baba anapokubali kuitwa mwema saa ile ile mama anapoitwa mbaya, anapokea sifa iliyogharimiwa na mwenzake. Huruma hiyo imegeuka dhuluma, hata kama hakuikusudia. Wala mama si lazima awe ndiye anayebaki. Ziko nyumba ambamo baba ndiye anayeshika sindano, na mama ndiye anayejifungia chumbani.

Tumsikilize baba

Haitakuwa haki kumhukumu baba huyu bila kumsikia. Ana hoja tatu, wala si za mzaha.

Ya kwanza: "Mimi ninakesha bandarini ndipo dawa ipatikane." Ni kweli. Madaktari waliobobea katika ugonjwa huu wa watoto ni wachache sana. Daktari Angela Migowa, aliyesomea fani hii Kanada, alitajwa kuwa wa kwanza nchini Kenya. Familia ya pwani yaweza kulazimika kupanda gari moshi la Miritini hadi Nairobi, ambalo limekuwa likisafiri tangu 2017, na kulipia nauli, vipimo na malazi. Bima ya serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 iko chini ya SHA, haina budi kuulizwa mapema inalipia nini na hailipii nini. Anayebeba mzigo huo anapenda. Hata hivyo, fedha hulipia sindano. Haziwezi kumshika mtoto anapodungwa.

Ya pili: "Moyo wangu hauwezi." Moyo laini si dhambi, tena ni zawadi kwa mtoto. Lakini tumwulize baba: unadhani moyo wa mkeo umefanywa kwa mawe? Husema, "Wewe umeshazoea." Hakuna mama aliyezaliwa amezoea. Amejifunza kutetemeka baadaye, jikoni, mtoto akiwa hamwoni. Ushujaa wake ukiitwa mazoea, umenyimwa hata shukrani.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: "Mtoto anahitaji mapaja yasiyo na sindano. Sote wawili tukimwumiza, atakimbilia wapi?" Hoja hii yastahili jibu la heshima. Ndiyo, mtoto anahitaji kimbilio. Lakini kimbilio ni mtu aliyepo wakati wa maumivu, si yule ajaye yakiisha. Mtoto anayemwona baba akitoweka kila Ijumaa hujifunza mambo mawili: kwamba linalomfika ni la kutisha hata baba analikimbia; na kwamba wakupendao huondoka unapoumia. Lakini baba akimpakata huku mama anadunga, na wiki ijayo wakabadilishana, mtoto atajifunza jambo jingine: kwamba mkono unaomwumiza na mkono unaomfuta machozi ni wa watu wale wale, na hawaendi popote. Elimu hiyo ataihitaji maisha yake yote. Pengine ataihitaji hasa katika ndoa yake.

Na likumbukwe jambo moja la kitabibu. Methotreksati yaweza kudhuru mimba. Mama akiwa mjamzito haifai aishike dawa hii. Siku hiyo baba hatakuwa na mtu wa kumwona mjini. Na afadhali awe amekwisha kujifunza.

Si kila maumivu ni tiba

Tuliahidi kueleza kwa nini methali yetu haitetei kiboko. Kusema kwamba mzazi anaweza kumwumiza mtoto kwa faida yake ni neno la hatari, maana watesi wa watoto nao husema hivyo hivyo. Kwa hiyo, kabla mkono haujaleta maumivu yoyote, mume na mke wajiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, ni lazima? Mzazi aliyekubali kuumiza ana wajibu wa kutafuta njia inayoumiza kidogo kuliko zote. Maji ya uvuguvugu kabla ya mazoezi hulegeza goti. Kucheza majini ni mazoezi mazuri, na sisi tuna bahari yenye joto. Jumapili alasiri baba aweza kumpeleka mtoto ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi, akamshika kwenye maji madogo apige miguu. Hapo goti hunyoshwa huku mtoto anacheka. Mwulizeni daktari juu ya dawa ya kuzuia kichefuchefu, na kama vidonge vyaweza kufaa badala ya sindano. Lakini msibadilishe wala kuacha dawa kwa shauri lenu wenyewe.

Swali la pili: Je, ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu? Kumchapa mtoto asubuhi kwa sababu anatembea polepole na gari la shule limefika si tiba. Ni hasira ya mtu mzima iliyotafuta mahali pa kutua. Kumchanja chale gotini kwa sababu jamaa wamechoka kungoja ni kumtibu jamaa, si mtoto. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, yasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito mkuu katika kila jambo linalomhusu. Dhamiri njema ilikuwa ikijua hivyo hata kabla ya katiba.

Swali la tatu: Je, nimemwambia kweli? "Haiumi hata kidogo" ni uongo, na mtoto ataugundua baada ya nukta moja. Kuanzia siku hiyo hatawaamini juu ya sindano, na baadaye hatawaamini juu ya mambo mengine. Afadhali kumwambia: "Itauma kidogo. Tutahesabu pamoja mpaka kumi. Nimekushika." Mpeni achague paja la kulia au la kushoto. Hawezi kuchagua kutougua, lakini aweza kuchagua hilo, na kwa mtoto si jambo dogo.

Mfanye nini nyumbani

Andikeni zamu kwenye kalenda ukutani: wiki hii baba anadunga, mama anapakata, wiki ijayo mbadilishane. Zamu ya bandarini ikigongana na zamu ya sindano, kubalianeni mapema siku ya daima inayowafaa wote wawili, na mwulize daktari kabla ya kuihamisha.

Mabuyu yasikatazwe. Lakini atakayeyatoa ni yule aliyedunga sindano, mara tu mtoto akimaliza kulia. Hivyo tabibu na mpishi watakuwa mtu mmoja.

Kila mmoja azungumze na jamaa zake. Mume amweleze mamake kwamba maji baridi hayakuleta ugonjwa huu. Mke aseme na wa kwao. Neno la mwana mwenyewe halileti ugomvi kama neno la mkwe.

Mwelezeni mwalimu kwamba mtoto huyu huwa mzito asubuhi na mwepesi mchana, wala si mvivu wala mwongo. Na msimsahau kaka mkubwa anayetazama macho yote yakielekea kwa dadake. Apewe saa yake na baba, ambayo ndani yake goti la dadake halitajwi.

Mwisho, jitunzeni ninyi wawili. Siku ya arusi mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Wengi hufikiri ahadi ile yahusu ugonjwa wa mmoja wa hao wawili. Lakini ugonjwa wa mtoto nao huijaribu ahadi ile ile. Baada ya sindano, mtoto akishalala, kaeni pamoja hata nusu saa. Aliyedunga atalia au atakaa kimya. Mwenzake asimwambie kwamba amezoea. Amwambie asante.

Maswali ya kuzungumza mume na mke

1. Katika malezi ya watoto wetu, ni kazi gani ngumu ambayo mmoja wetu huifanya peke yake ilhali mwenzake hupokea shukrani?

2. Je, tuna jambo ambalo tumemficha mtoto kwa kusema ni kumhurumia, kumbe tunajihurumia wenyewe?

3. Ni nani katika jamaa zetu anayemlaumu mwenzangu kwa ugonjwa au shida ya mtoto? Nitazungumza naye lini?

4. Wiki hii ni zamu ya nani?